Jogoo Mgeni Bandani



Mwenye kufuga kuku ajua yampatayo jogoo mdogo atiwapo ghafula katika kundi la mitetea wakubwa. Humfukuza penye chakula, humdonoa kichwani, naye hujibanza pembeni na njaa yake. Si kwamba mitetea hao ni waovu. Kila kuku kundini ana cheo chake: huyu humdonoa yule, na yule humdonoa mwingine. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliueleza utaratibu huo mwaka 1921, lakini bibi zetu waliujua tangu zamani. Mgeni hana cheo bado. Kwa hiyo wote humdonoa.

Basi mfugaji mwenye busara hasemi, "Watazoeana wenyewe." Kwanza humtenga mgeni majuma mawili au zaidi, apate kujua kama hana mdondo au ugonjwa mwingine. Kisha humweka ndani ya tenga karibu na wenzake, waonane bila kufikiana. Baada ya siku kadhaa humwingiza bandani usiku, wote wakiwa wamelala, naye huamka alfajiri kutazama. Huweka chombo cha pili cha chakula na cha maji, mbali na kile cha kwanza, ili mdogo asizuiwe. Akiona damu humtoa upesi, maana kuku waonapo damu huzidi kudonoa.

Twayasema haya kwa sababu nyumba nyingi za Wakristo hupokea watoto wa ndugu waliofariki. Ni tendo la huruma lenye thawabu kubwa. Lakini mara nyingi, matanga yakiisha, mtoto huletwa na kifurushi chake, wenyeji huambiwa, "Huyu ni ndugu yenu," na mambo huachwa hapo. Watoto wa nyumba wana mahali pao pa kula na pa kulala; waona amekuja kuwapunguzia. Ndipo yatima huwa wa mwisho kupakuliwa na wa kwanza kutumwa maji. Hakuna aliyekusudia ubaya, na mtoto aumia vivyo hivyo.

Baba na mama, wajibu huo ni wenu. Semeni na watoto wenu kabla mgeni hajafika. Mpeni sahani yake, mahali pake pa kulala, na kazi iliyo sawa na ya wenzake. Majuma ya kwanza tazameni kwa macho yenu. Msingoje ashtaki, kwa maana yatima huogopa kushtaki.

Hapo mfano wetu wakoma. Kuku mgeni hutengwa kwanza. Mtoto hatengwi hata siku moja. Jogoo hupata cheo kwa kukua na kupigana. Mtoto amekuja na cheo chake, alichopewa na Mungu aliyemwumba. Mtakatifu Yosefu alimlea Mwana asiyekuwa wa damu yake, na Mwana huyo alitufundisha kwamba tukimpokea mtoto kwa ajili yake, tumempokea Yeye.

Basi leo jioni, kabla ya kusali Rozari pamoja, zitazameni sahani zilizopakuliwa. Zikiwa sawa, mshukuruni Mungu. Zisipokuwa sawa, zisawazisheni kwanza, ndipo msali.