Upande wa Nyuma wa Picha

Picha ya nyumba iliyopigwa kutoka mbele haina upande wa nyuma. Mtazamaji haoni upungufu huo, kwa kuwa akili yake humkamilishia nyumba nzima bila kuulizwa. Mtu anapotaka kuigeuza picha hiyo kuwa umbo la vipimo vitatu kwa programu ya kuhariri picha, ndipo upungufu unapojitokeza, na pamoja nao swali la kimaadili: ni nani mwenye haki ya kuujaza?

Photoshop ilipewa uwezo wa kushughulikia maumbo hayo mwaka 2007, katika toleo la CS3 Extended. Adobe ikaanza kuuondoa mwaka 2021. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kusoma viwango vya mwanga katika picha ya kijivu, kisha kuyainua maeneo meupe na kuyadidimiza meusi. Njia hiyo hufaa pale msanii anapokuwa ameipaka picha kwa kusudi hilo. Ikipewa picha ya kawaida, mlango mweusi huwa shimo na shati jeupe huwa kilima. Programu haidanganyi. Imeambiwa kwamba rangi ni kimo, nayo imetii.

Durban ni mji unaoijua gharama ya kanuni ya namna hiyo. Kuanzia mwaka 1873, watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka katika biashara ya utumwa walishushwa bandarini hapo. Wengi wao walikuwa Wamakua, lakini kwa kuwa walipitishwa Zanzibar, wakaitwa Wazanzibari. Jamii yao ikaota mizizi Kings Rest, eneo la Bluff. Baadaye utawala wa ubaguzi ukawaandika katika kundi la “Waasia wengine”, na katika miaka ya 1960, kwa nguvu ya Sheria ya Maeneo ya Makundi, ukawahamishia Chatsworth. Rangi na asili zilifanywa daraja, na daraja likaamua mtu alale wapi.

Chukulia kwamba mjukuu wa mmoja wao ana picha moja tu ya nyumba ya Kings Rest, naye anataka kuisimamisha upya. Ukuta wa mbele anao. Wa nyuma anaweza kuunakili kutoka ule wa mbele, akaongeza dirisha na kivuli. Na kivuli kikikaa sawasawa, hakuna atakayeuliza. Wapo watakaosema kwamba kisio ni bora kuliko utupu, maana kumbukumbu isiyo na umbo hufifia. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, watu waliokwisha kupewa jina na kundi kwa makisio ya wengine wanastahili angalau kisio linalojulikana kuwa ni kisio.

Njia ya uaminifu ni kuwauliza wazee kwanza, kisha kuuacha ukuta usiojulikana katika ukijivu wake, bila rangi wala dirisha. Mzee wa Chatsworth akiigeuza nyumba hiyo kwenye skrini na kukuta ukuta mtupu, huenda akaonyesha kwa kidole mahali mlango ulipokuwa. Akikuta ukuta uliokwisha kupambwa, huenda akanyamaza. Au, vibaya zaidi, akaanza kuukumbuka.