Aliyefutwa Kwenye Picha

Mwezi Februari mwaka 1833, mjini Boston, mchoraji John James Audubon alinunua tai aliye hai. Ndege huyo alikuwa amenaswa na mtego wa mbweha katika milima ya New Hampshire, akafikishwa mjini, na Audubon akamnunua kwa mwenye jumba moja la makumbusho. Alimweka ndani siku tatu akimtazama. Alishikwa na hamu ya kumfungulia aende zake. Hakumfungulia. Alitaka kumchora, na namna yake ya kuchora ilihitaji ndege aliyekufa karibuni. Basi akatafuta njia ya kumuua bila kumtesa. Akamfungia chumbani na moshi wa mkaa. Masaa yakapita; alipochungulia, tai alikuwa bado amesimama, anamkodolea macho. Akaongeza salfa motoni. Moshi ukawakimbiza watu wa nyumba, tai bado mzima. Mwishowe Audubon akachukua chuma kirefu chenye ncha, akamchoma moyoni. Kisha akakaa wiki mbili anachora, mpaka akaugua vibaya.

Haya hayakusemwa na adui yake. Aliyaandika mwenyewe na kuyachapisha, kwa hiyo hatumsingizii marehemu. Nami, ndugu msomaji, tangu niisome habari hii kuna swali linanitafuna: mtu akichukua uhai wa mwingine, au maisha ya mwingine, ili atengeneze kitu kizuri, je, uzuri ule unamlipa yule aliyechukuliwa? Au unamlipa mchoraji peke yake?

Picha zenyewe nimeziona. Huku majuu ninabeba boksi kama wengi wetu tulioishia kidato cha nne. Ghala letu liko New Jersey, na New York ni mwendo wa treni tu. Makumbusho ya New York Historical, kando ya Central Park, yana Ijumaa jioni ambapo mgeni hulipa kiasi anachoweza, na hiyo ndiyo lugha ninayoielewa. Humo wanahifadhi michoro ya Wamarekani ya karne ya 19, ya penseli na ya rangi za maji. Ya penseli nilipita haraka. Yuko bwana mmoja, Asher Durand, kachora miti, na miti, na miti tena. Mtu aliyekulia Temeke akitazama dakika tano anaanza kutafuta watu. Lakini penye ndege wa Audubon nilisimama mpaka miguu ikaanza kulalamika.

Taa za mahali pale ni hafifu kwa makusudi. Rangi za maji huliwa na mwanga, hivyo picha huonyeshwa kwa muda mfupi kisha hurudishwa gizani zikapumzike miaka. Makumbusho yalizinunua kwa Lucy, mjane wa Audubon, mwaka 1863, na zimedumu hivi kwa kuwa muda mwingi hakuna anayezitazama. Hilo nalo niliondoka nalo kichwani.

Tai yumo. Anapaa mbele ya milima yenye theluji, mdomo wazi, kambeba sungura mweupe, na ukucha mmoja umezama ndani ya jicho la sungura. Ukisogea unaona unyoya mmoja mmoja. Halafu chini kushoto, mdogo kama sisimizi, kuna mtu. Amelipanda gogo lililolala juu ya korongo, anajisogeza kwa tabu, na mgongoni kabeba ndege aliyekufa. Wachunguzi wengi wanaamini huyo ni Audubon, kajichora mwenyewe.

Sasa sikia. Picha hizi zilichorwa ili zichapwe kitabuni. Kule London fundi Robert Havell alizichonga kwenye mabamba ya shaba, zikachapwa na kupakwa rangi kwa mkono, picha 435, kati ya mwaka 1827 na 1838. Ndicho kitabu kilichompa Audubon jina. Nakala yake moja iliuzwa London mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 7. Katika chapa hiyo ya London, tai yupo na sungura yupo. Yule mtu mdogo hayupo. Amefutwa.

Wala si yeye peke yake. Kijana mmoja, Joseph Mason, alifuatana na Audubon mwaka 1820 akiwa na umri wa miaka 13, akamchorea majani na maua wanayokalia ndege katika picha zaidi ya 50. Jina lake halimo kwenye chapa. Vijana wenzangu mliowahi kumwandikia mkubwa fulani hotuba au tamthilia, akapigiwa makofi yeye, hapo sina haja ya kueleza.

Lakini tumpe haki yake pia. Kabla ya Audubon, wachoraji wengi wa ndege walichora ndege waliokauka, waliojazwa pamba, wamesimama juu ya kijiti kama wanafunzi mstarini. Yeye alichukua ndege wa siku ile ile, akampitisha waya mwilini, akamfunga kwenye ubao wenye mistari ya miraba, akamweka kana kwamba anaruka au anagombana. Akachora kwa ukubwa ule ule wa ndege. Wale wenye shingo ndefu ilibidi awainamishe ili watoshe kwenye karatasi. Kamera haikuwepo. Na ukitazama picha zake, ndege wanaishi. Hapo ndipo penye utata wote: wanaishi kwa sababu waliuawa.

Na sisi tunaoandika, je? Nimesoma miswada ya wenzangu, nimesoma na ya kwangu ya zamani, na nyingi ni ndege wa pamba. Tajiri mbaya, msichana mrembo, mzee mwenye busara. Hawa hawajamuumiza mtu kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwa wao. Hadithi huanza kupumua siku mwandishi anapomchukua mtu wa kweli: jinsi anavyofunga khanga akikasirika, neno lile alilosema msibani. Hapo msomaji husema, aa, huyu namjua. Naye mwenyewe akisoma husema, aa, huyu ni mimi.

Mimi nina kauntabuku tatu zimejaa. Ni riwaya. Ndani yake kuna mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye tangu utoto namwita Mama Mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Mwaka mmoja kabla sijasafiri, umeme umekatika, tumekaa barazani, alinisimulia jambo alilolibeba tangu ujana wake. Alipomaliza akasema, "Wewe si unaandika, mwanangu? Andika. Mimi sitaki kufa nalo." Siri yenyewe siiweki hapa, kwani ndiyo mzozo wenyewe. Nitasema hili tu: kuna mtu mzima, ana mke na watoto, akiisoma riwaya hiyo atajua jambo juu ya nafsi yake ambalo leo halijui. Huyo hakunipa ruhusa. Hakuwepo barazani.

Washkaji niliowaeleza wana jibu jepesi. Badilisha majina, bwana! Riwaya ni riwaya. Nimejaribu. Nimembadilisha jina, nimemhamisha Temeke nimempeleka Tanga, nimemfanya fundi seremala. Lakini jambo lile ni unyoya wa ndege mmoja tu duniani. Hata ukimwita kunguru, manyoya yanasema ni nani. Nikiung'oa unyoya ule, riwaya inarudi kuwa ya pamba. Nimeijaribu hiyo pia, kurasa 40, na nimezichoka mwenyewe.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, na niliikuta pale pale makumbusho. Wamo kasuku wa Carolina, saba, kijani na manjano, kwenye mmea wenye miba. Mmoja kageuka anamtazama mtu usoni. Kasuku hao hawapo tena. Wa mwisho aliyefugwa alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwezi Februari 1918. Si Audubon aliyewamaliza. Misitu ilikatwa, na wakulima waliwapiga risasi kwa kula matunda na nafaka zao. Yeye mwenyewe aliona wanapungua, akaandika. Aliandika pia tabia yao inayouma: wenzao wakipigwa, waliobaki hawakimbii. Hurudi kuzunguka juu ya mizoga wakilia, na bunduki zinaendelea.

Basi atasimama mtu na kusema: bila yule mwenye waya na bunduki, leo ungemjuaje kasuku huyu? Mama Mkubwa naye ana umri mkubwa, na akiondoka, yote aliyopitia, njaa na aibu na ujasiri wake, yataondoka bila chapa. Si bora yahifadhiwe? Hoja hii ina nguvu, sikatai. Niliibeba nikirudi kwenye treni kama mzigo mzuri. Lakini kila nikiipima naona inamlipa mtu mwingine. Inanilipa mimi niliyeangalia kasuku Ijumaa jioni. Kasuku mwenyewe hana habari kwamba anapendeza.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu hawezi kulipita. Audubon alimiliki watumwa kule Kentucky, akawauza alipohitaji fedha, na waliotaka utumwa ukomeshwe hakuwaunga mkono. Huyu huyu aliyeona huruma juu ya tai mpaka akakaribia kumfungulia! Tai kapata kurasa za kitabu na wiki mbili za jasho. Watu aliowauza hawana hata mstari wa penseli kwenye ukuta ule. Nilipolifikiria hilo nilikasirika, na hasira ikanifundisha kitu ambacho huruma haikunifundisha. Kumtazama sana mtu, au ndege, si sawa na kumpa haki yake. Audubon alimtazama tai kuliko mtu yeyote wa zama zake, kisha akachukua chuma. Waandishi tunapenda kujisifu kwamba tunawapenda wahusika wetu. Sawa. Upendo ule mara nyingi ni hamu ya kuwapata.

Je, tuache kuandika? La hasha. Sitaki mtu atoke hapa akidhani namhubiria woga. Uandishi wa woga tunao wa kutosha. Ninachokitafuta ni namna ya kuchukua bila kujificha, na ndiyo maana yule sisimizi wa kwenye gogo ananishughulisha kuliko tai. Kwenye karatasi yake mwenyewe, Audubon alijiweka. Alisema: ndiye mimi, huyu hapa, na mzigo nilioubeba huu hapa, na ninaweza kuanguka. Kwenye chapa ya kuuzwa, ushahidi ule ukaondolewa, pakabaki uzuri safi usio na mtenda. Msomaji wa London alimnunua tai asiyeuawa na mtu.

Riwaya yangu ilikuwa hivyo hivyo. Msimulizi wake yuko juu, anajua yote, hana miguu. Hakuna mahali msomaji anaambiwa kwamba kulikuwa na kijana barazani gizani, anasikiliza kwa huzuni ya kweli, na papo hapo kichwani anapanga sura. Kwa hiyo nimeanza upya. Kijana sasa yumo. Ana jina baya na viatu vilivyoazimwa, na anapoitwa "mwanangu" anasikia raha mbili kwa pamoja, ya kupendwa na ya kupata hadithi. Kuandika hivyo ni kugumu kuliko nilivyotegemea, maana kijana huyo hapendezi.

Hilo hata hivyo halimsaidii yule mwenye mke na watoto. Mama Mkubwa aliweza kunipa kilicho chake. Sehemu ya yule bwana haikuwa yake kuigawa, hata kama yeye ndiye anayeijua peke yake. Tena sidhani ni halali mtu aambiwe habari za nafsi yake na duka la vitabu.

Nilimpigia simu Mama Mkubwa. Saa saba za tofauti. Kwangu asubuhi kabla ya kuingia ghalani, kwake jioni, nasikia watoto wanacheza nje. Nikamwambia, "Shikamoo Mama. Ile hadithi siichapi mpaka umwambie mwenyewe." Akaitikia marahaba, kisha akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Akauliza kama huko kuna baridi. Nikasema ipo. Akasema, "Nitamwambia nikimwona ametulia," na kwa sauti yake nilielewa kwamba hiyo yaweza kuwa mwezi ujao, na yaweza kuwa kamwe.

Kauntabuku nimezifunga kwa mpira, ziko ndani ya begi chini ya kitanda. Ninayoiandika sasa ni sura ya kijana wa barazani.