Simu ya kuokota: Mtandao unaifunga, nani atairudisha?

Swali ambalo vijana wameniuliza mara nyingi baada ya darsa ni hili: Mtu akiokota simu ndani ya daladala, na mwenyewe hajulikani, je, simu ile si riziki yake? Siku hizi swali limeongezewa mkia. Wanasema, kama mwenyewe anaitaka simu yake, aende akaifungie kwenye mtandao. Asipoifungia, basi ameisamehe. Hoja hii yafaa tuitazame kwa makini, kwani inahatarisha dini yetu kuliko inavyohatarisha simu zetu.

Tuanze na huko kufungia kwenyewe. Kila simu ya mkononi ina namba ya utambulisho, IMEI, yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# utaiona. Simu inapowashwa na kutafuta mtandao, hujitambulisha kwa namba hiyo, mbali na namba ya laini iliyomo ndani yake. Ndiyo maana kubadili laini hakuifichi simu. Hapa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilianzisha rajisi kuu ya namba hizi mwishoni mwa mwaka 2015, na Juni 2016 simu bandia zikazimwa. Wenzetu wa Kenya walikwishazima za kwao mwaka 2012. Aidha, aliyeibiwa simu anaweza kutoa taarifa polisi, akachukua ripoti yake pamoja na IMEI hadi kwenye kampuni yake ya simu, na simu ile ikafungiwa.

Huu ni utaratibu mzuri na Uislamu haupingani nao. Mtume (SAW) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Allah. Lakini tujiulize, kufungia kunafanya nini hasa? Kunaiua simu mikononi mwa mwizi. Hakumrudishii mwenyewe. Mama lishe aliyedunduliza miezi sita akanunua simu, anachopata ni faraja kwamba mwizi naye hakufaidi, basi. Ili simu irudi kwake anahitajika mtu, na mtu huyo awe anamcha Allah.

Sasa tuje kwenye kuokota. Katika Hadithi ya Zaid bin Khalid iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu kitu kilichookotwa. Aliagiza muokotaji akitambue vyema chombo chake na kamba iliyokifungia, kisha akitangaze mwaka mzima. Kwa nini chombo na kamba? Kwa sababu hizo ndizo alama atakazozitaja mwenyewe ili ajulikane kuwa ni mkweli. Ndugu msomaji, simu imebeba alama nyingi kuliko mfuko wowote wa zama zile: ina IMEI, ina laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu, ina namba za jamaa zake. Tena mfuko haukuwa na sauti, lakini simu hulia. Mwenyewe anaipigia, anaiita!

Basi yule ambaye jambo lake la kwanza ni kuizima simu na kuichomoa laini, amefanya kinyume kabisa cha alichoagizwa. Ameikata kamba kwa makusudi, halafu anadai mwenyewe hajulikani. Huyo hakuokota, ameiba. Tofauti yake na mkwapuzi ni kwamba yeye hakulazimika kukimbia.

Hoja ya kwamba asiyefungia amesamehe nayo haina msingi. Ni wangapi hawakuandika IMEI zao popote? Ni wangapi hawajui hata kama kufungia kupo? Haki ya mtu haifutiki kwa kuwa hakujua njia ya kuidai. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Allah ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na amri hiyo haikuwekewa sharti kwamba mwenyewe awe hodari wa kudai.

Wapo watu wawili wengine wanaojiona wako nje ya jambo hili. Wa kwanza ni fundi anayebadili IMEI ili simu iliyofungiwa ifanye kazi tena. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalihesabu hilo kuwa kosa. Yeye hujifariji kuwa hakuiba, analipwa ujira wa ufundi wake tu. Lakini kazi yake ndiyo hiyo ya kufuta alama ya mwenye mali, na Surat Al-Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Wa pili ni mnunuzi. Simu ya laki tano inauzwa elfu themanini, haina boksi wala risiti, na muuzaji ana haraka. Bei ile peke yake ni taarifa tosha. Atasema fedha yangu ni ya halali. Sawa, lakini fedha ya halali haiwezi kuihalalisha mali ya wizi. Wanazuoni wameeleza kwamba mwenye mali akiikuta mali yake ana haki nayo, na mnunuzi atamdai aliyemuuzia. Sisemi mtu asinunue simu ya mtumba, maana si kila mtu ana uwezo wa kununua mpya. Nasema adai risiti, aiangalie IMEI, na akiona shaka aache. Kama tungeacha sote, mkwapuzi wa Kariakoo angempelekea nani?

Hivyo basi, jibu langu kwa vijana ni hili. Ukiokota simu, usiizime. Ikiishiwa chaji, ichaji. Ikilia, pokea, mwambie mwenyewe ulipo. Mtandao una uwezo wa kuifunga, lakini kuirudisha ni kazi yako, na kesho utaulizwa.

Wabillahi Tawfiq.