Muziki Unaoanza na Machozi

Muziki hubadili hali ya moyo pale unapoanzia moyo ulipo. Wanyakyusa wa bonde la Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, waliitumia kanuni hiyo mahali pagumu kuliko pote: msibani.

Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika jinsi mazishi yalivyokwenda enzi hizo. Wanawake waliomboleza ndani, wakiwa wameuzunguka mwili, na wanaume wakaketi nje kimya. Kisha ngoma zikalia. Wanaume, vijana hasa, wakacheza na mikuki mikononi kwa kishindo cha vita, na wanawake wakapita katikati yao wakipaza sauti. Wanyakyusa wenyewe walieleza kwamba kifo huwasha kifuani uchungu na hofu vinavyochemka kama vita, na kucheza ndiyo njia ya kuvitoa. Saa zilivyosonga, ngoma ile ile ikabadili sura: nyuso zikakunjuka, porojo zikarudi, vijana wa kike na wa kiume wakaanza kutupiana macho, kicheko kikasikika. Godfrey alichapisha maelezo hayo mwaka 1939.

Hekima ya desturi hiyo imo katika mpangilio. Kilio kilipewa nafasi yake, ghadhabu ikafuata, furaha ikaja mwisho. Hakuna aliyemwamuru mfiwa acheke kabla hajalia.

Kanuni ya kuanzia moyo ulipo iko kwingine pia. Ng'ambo ya mto Songwe, kaskazini mwa Malawi, Watumbuka wana vimbuza, ngoma ya uganga ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Humo kila aina ya pepo ina mdundo wake, na wapigaji huutafuta mdundo unaomfaa pepo wa mgonjwa. Nako Marekani, miaka ya 1940, daktari Ira Altshuler aliwapigia wagonjwa wa akili muziki unaolingana na hali waliyo nayo, kisha akaubadilisha hatua kwa hatua kuelekea hali inayotakiwa. Njia yake bado inafundishwa kwa wanaotibu kwa muziki.

Jambo la pili, baada ya mpangilio, ni kuwa pamoja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba watu wanaocheza kwa mwendo mmoja huvumilia maumivu zaidi, na huhisi ukaribu zaidi na wenzao, kuliko wanaocheza kila mmoja kivyake. Uwanja wa msiba ulikuwa na yote mawili: mpangilio na wenzi.

Wapo wanaosema kucheza msibani ni kumkosea marehemu heshima. Wamisionari wa misheni za Moravian na Berlin waliofika kwa Wanyakyusa mwaka 1891 walileta njia nyingine, na Wakristo wakaacha ngoma za mazishi wakashika nyimbo za kanisani. Lakini kwaya njema ya msiba huenda kwa mpangilio ule ule: huanza na wimbo mzito wa kuaga, humalizia na wa matumaini, na waombolezaji huitikia. Kilichobadilika ni ala na imani. Kazi inayofanyika moyoni ni ile ile. Heshima kwa marehemu haipungui walio hai wanaposaidiwa kuendelea kuishi.

Siku hizi mwenye majonzi hupewa ushauri mmoja: weka wimbo wa kuchangamsha kwenye simu, utasahau. Ushauri huo una nia njema, na kwa uchovu wa kazi au hasira ndogo hutosha. Kwa huzuni nzito unakosea mara mbili, kwa sababu unaruka kilio na unamwacha mtu peke yake. Anayetaka kumwinua aliyevunjika moyo na aanze na wimbo unaokiri maumivu yake, amwimbie au aimbe naye, na ule wa furaha aulete mwenzake akiwa tayari kuuitikia.