Jasho la Mkulima katika Kiwanja cha Mwingine

Swali la iwapo jasho humpa mtu haki juu ya ardhi aliyoilima, au juu ya kilichoota humo tu, ni la kale katika dini na falsafa, lakini katika bonde la Kilombero huzuka upya kila msimu. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga ya Mchombe akihamia Ifakara haachi jembe: mwenye shamba la mbali hurudi huko masika na kulala katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na asiye nalo hupanda mchicha, matembele na bamia katika kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, ili apate mboga ya nyumbani na fungu moja au mawili ya kuuza.

Wanazuoni wa Kiislamu walijadili kwa kina kuhuisha ardhi mfu, yaani kuilima ardhi isiyo na mwenyewe wala matumizi: Shafi alimpa mhuishaji umiliki hata bila idhini ya mtawala, Abu Hanifa aliitaka idhini hiyo, na Malik aliitaka pale ardhi inapokaribia makazi ya watu. Malik ndiye aliyeugusa mji, kwa sababu karibu na makazi kila pengo lina wanaolitazama. Hata hivyo kiwanja chenye mwenyewe si ardhi mfu, hata kikiota magugu miaka kumi, na hapo hoja ya kuhuisha humwacha mlima mchicha mikono mitupu.

Katika andiko lake Mali ya Taifa la mwaka 1958, Nyerere alishika njia nyingine, akidai kuwa ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote na kwamba kilicho cha mtu ni juhudi aliyoitia humo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Na. 4 ya 1999 nayo inaiweka ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 ziliweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu, ukomo ambao maskini wa mjini hana namna ya kuufikia, achilia mbali kuuvuka.

Jibu lililo karibu zaidi na haki limo katika fikihi ya kuazimana. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliyeazimisha ardhi ipandwe, kisha akaitaka kabla mazao hayajakomaa, hungoja mavuno, ingawa anaweza kudai kodi ya muda huo wa kungoja. Ardhi hubaki yake, mazao hubaki ya aliyepanda, na kinachotolewa ni muda tu. Mpunga huhitaji takriban miezi minne, lakini mchicha huvunwa ndani ya mwezi mmoja. Basi mwenye kiwanja anayetaka kuchimba msingi na amtaarifu mwenye matuta mapema, amwache avune.