Uzuri wa Gari na Bei ya Lita Moja

Huenda sasa hivi uko kwenye foleni ya Ubungo, injini inaunguruma, gari halisogei na mafuta yanaisha. Hapo ndipo gari linapoonyesha tabia yake.

Wengi tunaagiza gari lililotumika kutoka Japani kwa kutazama picha: rangi, rimu, taa. Kupenda kizuri si kosa. Honda Fit, kwa mfano, inapendeza, na tangi lake liko chini ya siti za mbele, hivyo siti za nyuma hukunjwa juu ukapakia mzigo mrefu ukiwa wima. Lakini wahenga walionya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Picha haionyeshi ulaji wa mafuta, na hata namba ya tangazo haitoshi. Toyota Aqua, yenye injini na mota ya umeme, ilipotoka mwaka 2011 ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita. Hicho ni kipimo cha maabara. Foleni, kiyoyozi na tairi zenye upepo mdogo hushusha namba hiyo.

Basi kabla hujalipa, mtafute mwenye gari kama hilo, apime hivi: ajaze tangi, aandike kilomita, aendeshe wiki nzima, ajaze tena, kisha agawanye kilomita alizoendesha kwa lita alizoongeza. Kilomita 420 kwa lita 30 ni kilomita 14 kwa lita.

Gari unanunua mara moja. Mafuta unanunua kila wiki. Ndugu yangu, chagua gari ambalo mshahara wako utalimudu hata mwisho wa mwezi.