Jina la Ugonjwa Lililochelewa

Tumfikirie mama mmoja wa Butembo, mwenye miaka 34. Jina lake silitaji, maana walio kama yeye si mmoja wala wawili. Tangu utoto mifupa humwuma kila mvua za baridi zishukapo. Macho yake huwa ya manjano. Shuleni aliitwa mvivu. Alipokuwa msichana aliambiwa ana baridi yabisi, baadaye tifoidi, baadaye malaria isiyokwisha, akameza vidonge vya kila rangi. Mwishowe nyonga ikaharibika, akawa achechemea. Hapo ukoo ukakaa, ukasema: huyu amelishwa karuho. Akatajwa jirani, mjane mmoja mwenye shamba la kahawa. Halafu siku moja daktari anaagiza damu ya mama huyu ipimwe kwa namna nyingine, na jina latokea: selimundu, ugonjwa ambao kwetu Kongo wengi wauita kwa herufi mbili tu, SS.

Basi nauliza: jina hilo lamfaa nini likija baada ya miaka 34? Na je, ile miaka iliyopotea, yuko wa kuulizwa juu yake?

Wako watakaojibu upesi kwamba halimfai kitu. Amezaliwa nao, watasema, atakufa nao. Kumwambia ni kumwongezea huzuni. Jibu hili lina sura ya huruma, lakini mimi silikubali. Tuangalie ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ni za mviringo na laini, hupenya hata mishipa iliyo myembamba sana. Kwa mwenye SS, chembe zikipungukiwa na oksijeni hujikunja kama mundu, zikawa ngumu, zikaziba njia. Na pale zinapoziba ndipo penye maumivu. Homa, kiu, kazi nzito na baridi huyaamsha. Sasa mji wa Butembo umekaa juu ya milima, zaidi ya meta 1,700, nasi sote twaijua baridi ya asubuhi yake. Mtu asiyejua ugonjwa wake hutoka alfajiri bila nguo nzito, akapanda mlima na mzigo bila kunywa maji, kisha hushangaa kwa nini analala siku tatu akilia. Anayejua hujifunika, hunywa maji, na homa ikimshika haingoji hata kesho. Tena iko dawa, haidroksiyurea, ambayo haiondoi ugonjwa lakini hupunguza siku za maumivu, mradi daktari aiangalie damu mara kwa mara. Hayo yote hayapati mtu asiye na jina la ugonjwa wake.

Tena jina lile lamfungua mtu wa pili, yule mjane. Aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi. Je, ukoo ulioiba sifa njema ya jirani utarudisha nini? Hautoshi kunyamaza na kuacha maneno yafe yenyewe, kwa kuwa maneno ya sumu hayafi. Hurithiwa na watoto. Nionavyo mimi, waliomtaja mbele ya watu wana deni la kumsafisha mbele ya watu wale wale.

Sasa juu ya kosa. Walimu wetu wa maadili hutofautisha ujinga ambao mtu hawezi kuushinda, na ujinga aupendao kwa sababu kuuliza ni taabu. Wazazi wa mama huyu, huko kijijini bila mashine ya kupima, ni wa namna ya kwanza. Lakini waliosoma je?

Mwaka 1955 madaktari Lambotte-Legrand waliandika juu ya wagonjwa 300 wa Kongo, na katika hao 150 walikuwa wamekwisha kufa. Kweli, watoto wengi walikufa, na wengi wangali wakifa. Ndipo ikajengeka mioyoni mwa watu kwamba SS ni ugonjwa wa watoto, na aliyefika miaka 30 hawezi kuwa nao. Tazama mzunguko ulivyo: watu wazima hatuwapimi kwa sababu twasema hawako, nasi twasema hawako kwa sababu hatuwapimi! Kumbe mgonjwa wa kwanza ambaye chembe za mundu zilielezwa katika maandishi ya madaktari hakuwa mtoto. Alikuwa Walter Clement Noel wa kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno huko Chicago, mwenye miaka 20 alipoingia hospitali mwaka 1904. Daktari Herrick aliandika habari zake mwaka 1910.

Wala ugonjwa huu si mgeni katika nchi zetu. Ng'ambo ya mto Semuliki, huko Bwamba katika Uganda, Lehmann na Raper waliona mwaka 1956 kwamba karibu watu 4 katika kila 10 wana alama yake katika damu. Sisemi hesabu ya Bwamba ndiyo ya Beni. Lakini mto si ukuta. Mwenye alama kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, tena Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba alama hiyo humkinga na malaria. Wakioana wawili wenye alama, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto wa SS. Ni wawili, baba na mama sawasawa. Wanaume wafukuzao wake zao kwa ajili hiyo wasikie.

Nitasema haki pia kwa wauguzi. Kipimo cha Emmel, cha tone la damu chini ya kioo, huonyesha mundu, lakini hakitofautishi mwenye alama na mgonjwa. Chataka kipimo cha pili, nacho kina bei. Beni imeona mauaji tangu mwaka 2014, na kati ya 2018 na 2020 Ebola ilipita Beni na Butembo, kila homa ikawa ya kutisha. Simlaumu asiyejua mara ya kwanza, wala ya pili. Namlaumu aandikaye "baridi yabisi" mara ya kumi katika daftari lile lile, bila kugeuza karatasi kusoma mara tisa za kwanza. Tena naulaumu ukoo ulioona fedha ya kumpa mfumu, ukaikosa ya kupima damu.

Mama wetu ana mdogo wake huko Beni, mwenye miaka 29, naye macho yake ni ya manjano. Jumatatu watakwenda pamoja maabara, na mume pia atapimwa, kwa ajili ya watoto. Kwa mjane bado hajakwenda mtu.